Nakisi Ndogo, ya Kati au Kubwa ya Kalori: Namna ya Kutambua Iliyozidi

Kuanzia Novemba 1944 hadi Desemba 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, vijana 36 wa kiume wenye afya njema walijitolea kushiriki jaribio la mtafiti wa lishe Ancel Keys, ambamo kwa miezi sita walilishwa chakula pungufu ili madaktari wajifunze namna ya kuwarudishia afya watu waliodhoofishwa na njaa ya vita huko Ulaya. Walikuwa wamezoea kula kalori zipatazo 3,200 kwa siku, wakapewa wastani wa takriban 1,570, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 hivi kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yalipungua, walihisi baridi hata wakati wa joto, nguvu ziliwaishia, hamu ya tendo la ndoa ilitoweka, na mawazo yao yalitekwa na chakula kiasi kwamba baadhi yao walishinda wakisoma vitabu vya mapishi.

Kalori 1,570 ni kiasi ambacho mtaalamu wa lishe wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kumpangia mama wa kilo 80 anayefanya kazi ya ofisini, na akawa amempangia vizuri kabisa. Kiasi hicho hicho kiliwadhoofisha wale vijana kwa sababu miili yao ilihitaji maradufu yake. Ndiyo maana anayeuliza kama nakisi yake ya kalori, yaani tofauti kati ya nishati ambayo mwili unatumia na ile inayoingia kwa chakula, imezidi, hawezi kujibiwa kwa namba moja inayowafaa watu wote. Na mipango inayosambazwa katika makundi ya WhatsApp, inayompa kila mshiriki kalori 1,000 bila kuuliza uzito wake, kimo chake wala kazi anayoifanya, inakosea kabla hata ya mlo wa kwanza.

Nakisi moja katika miili mitatu

Kabla ya kulinganisha, ni lazima mtu akadirie matumizi yake mwenyewe. Kanuni ya Mifflin na St Jeor, iliyochapishwa mwaka 1990 na ambayo bado inategemewa sana, hukadiria nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika tu: uzito kwa kilo huzidishwa mara 10, kimo kwa sentimita huzidishwa mara 6.25, majibu hayo mawili hujumlishwa, kisha hutolewa umri uliozidishwa mara 5. Mwishoni mwanamume huongeza 5 na mwanamke hutoa 161. Jibu linalopatikana huzidishwa kwa takriban 1.4 ikiwa mtu hukaa sehemu kubwa ya siku, au kwa 1.6 na zaidi ikiwa kazi yake ni ya nguvu. Hesabu hiyo inaweza kupotoka kwa mamia ya kalori kwa baadhi ya watu, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia.

Tuchukue mifano mitatu ya kubuni. Wa kwanza ni mama wa miaka 35 mwenye kilo 80 na kimo cha sentimita 160, anayeketi ofisini. Mwili wake uliopumzika hutumia takriban kalori 1,460, na kwa siku nzima hufika 2,050. Wa pili ni mwanamke wa miaka 45 mwenye kilo 58 na kimo cha sentimita 152, ambaye anataka kuondoa kilo chache tu za tumboni. Akipumzika hutumia takriban 1,140, na kwa siku nzima 1,600. Wa tatu ni fundi ujenzi wa miaka 35 mwenye kilo 110 na kimo cha sentimita 178, ambaye matumizi yake ya siku yanakaribia 3,270.

Sasa wote watatu waambiwe wapunguze kalori 500 kwa siku, kiasi ambacho watu wengi wamezoea kukisikia. Kwa mama wa kwanza ni kama robo ya mahitaji yake, na atabaki na kalori 1,550 za kugawa katika milo yake bila mateso makubwa. Kwa fundi ni asilimia 15 tu, na huenda asihisi tofauti kubwa zaidi ya kuacha soda na kupunguza chapati za asubuhi. Kwa mwanamke wa kilo 58 ni asilimia 31, na atabaki na kalori 1,100, pungufu hata ya kile ambacho mwili wake hutumia akiwa amelala kitandani siku nzima. Mwanamke huyo akishindwa kuendelea baada ya wiki tatu, ndugu na marafiki watamwambia kuwa hana nia, ilhali kosa limo katika hesabu aliyopewa.

Kwa sababu hiyo napendelea kupima nakisi kwa asilimia ya matumizi ya mtu, na katika ulinganisho huu nitaita ndogo nakisi ya asilimia 10 hadi 15, ya kati ile ya asilimia 15 hadi 25, na kubwa ile inayovuka asilimia 30. Eneo la kati ya 25 na 30 ni la mpakani, na humfaa zaidi mwenye uzito mwingi wa kupunguza kuliko mwenye kilo chache.

Nakisi ndogo

Sifa yake kubwa ni kwamba karibu haionekani. Mama wetu wa kilo 80 akipunguza kalori 250 kwa siku anaendelea kula ugali, wali na maharage pamoja na familia yake, hedhi yake haibadiliki, usingizi hauharibiki, na nguvu za kufanya mazoezi zinabaki. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kalori 7,700, hivyo nakisi hiyo itamwondolea kama kilo moja kwa mwezi. Kwa mwanamke wa kilo 58 ndiyo chaguo linalofaa zaidi, na kwa mtu anayeshiriki michezo kwa bidii pia.

Udhaifu wake ni kwamba humezwa kwa urahisi na makosa ya kukadiria. Vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kupikia vina takriban kalori 240. Soda mbili za mililita 300 zina kama 250. Katika nyumba ambako mchuzi mmoja unawapikia watu saba na wali unaliwa katika sinia moja, hakuna anayejua ni kiasi gani cha mafuta au tui kilichomfikia, na mtu anaweza kuamini kwa miezi mitatu kuwa yumo ndani ya nakisi ndogo wakati hayumo kabisa. Namna ya kuilinda ni kuitafuta katika vitu vinavyohesabika bila mizani ya jikoni: sukari ya chai, soda, juisi zilizotiwa sukari, maandazi ya kifungua kinywa, na mafuta yanayomiminwa bila kupimwa.

Nakisi ya kati

Hapa ndipo miongozo mingi ya kitabibu inapoelekeza. Mwongozo wa Marekani wa 2013 kuhusu uzito uliozidi ulipendekeza nakisi ya kalori 500 au 750 kwa siku, au mlo wa kalori 1,200 hadi 1,500 kwa wanawake na 1,500 hadi 1,800 kwa wanaume. Uingereza kwa miaka mingi imetumia 600. Namba hizo ziliandikwa kwa ajili ya watu wenye uzito uliozidi kwa kiasi cha kuhitaji matibabu, jambo ambalo husahaulika zinaponakiliwa na mtu mwembamba anayejiandaa kwa harusi.

Kwa mama wa kilo 80, nakisi ya 400 hadi 500 humpunguzia takriban gramu 400 kwa wiki katika miezi ya mwanzo. Atasikia njaa kabla ya mlo, lakini mlo ukifika njaa itaisha, na tofauti hiyo ni ya msingi. Anaweza bado kupata protini ya kutosha kutoka kwa maharage, dagaa, mayai, samaki na maziwa, pamoja na madini ya chuma kutoka kwa nyama na mboga za majani, bila kulazimika kununua unga wa kopo unaouzwa kwa bei kubwa. Nakisi hii ni kubwa vya kutosha kuonekana katika mizani ndani ya mwezi mmoja, na bado si kubwa kiasi cha kumfanya aogope mwaliko wa chakula nyumbani kwa shemeji yake.

Ubaya wake ni kwamba kasi haidumu. Mwili mwepesi hutumia nishati kidogo, na mtu anayekula kidogo huanza pia kusogea kidogo bila kutambua. Kevin Hall na wenzake walionesha mwaka 2011 kwamba mtu akibadilisha ulaji wake na kubaki hapo, nusu ya badiliko la uzito hutokea katika mwaka wa kwanza hivi, na sehemu kubwa ya iliyobaki huchukua hadi miaka mitatu. Hivyo mizani inapopunguza mwendo katika mwezi wa nne au wa tano, mara nyingi huo ni mwendo wa kawaida wa mwili unaokaribia uwiano mpya. Kwa bahati mbaya ndio wakati ambao watu wengi hukata mlo mwingine na kuingia katika nakisi kubwa bila kukusudia.

Nakisi kubwa

Nakisi kubwa huvutia kwa sababu ya wiki yake ya kwanza. Mwili huhifadhi wanga katika ini na misuli, na kila gramu ya wanga huo hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Mtu akikata chakula ghafla, akiba hiyo huisha haraka na maji hutoka nayo, kwa hiyo mizani inaweza kuonesha kilo mbili au tatu zimepungua wakati mafuta yaliyoondoka hayajafika hata kilo moja. Matangazo ya chai za kupunguza uzito yanategemea wiki hiyo, na nyingi kati ya chai hizo huongezewa dawa ya kuharisha kama majani ya mmea uitwao sana (senna), ili maji zaidi yatoke na mnunuzi aamini kuwa anaona matokeo.

Baada ya wiki hiyo ndipo gharama huanza kuonekana, na ya kwanza ni misuli. Katika upunguzaji wa uzito usioambatana na mazoezi ya nguvu, takriban robo ya uzito unaopotea hutoka katika sehemu ya mwili isiyo mafuta, na sehemu hiyo huongezeka nakisi inapokuwa kubwa, protini inapokuwa kidogo, na mtu anapokuwa na mafuta machache ya kuanzia. Watafiti wa Norwei waliwalinganisha wanamichezo waliopunguza asilimia 0.7 ya uzito wao kwa wiki na waliopunguza asilimia 1.4, wote wakifanya mazoezi ya nguvu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionesha kuwa wale wa polepole waliongeza misuli walipokuwa wakipunguza mafuta, ilhali wale wa haraka hawakuongeza. Ni kweli kwamba katika Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, mwaka 2016, vijana waliokuwa katika nakisi ya asilimia 40 waliweza kuongeza misuli kwa wiki nne, lakini walikula gramu 2.4 za protini kwa kila kilo ya uzito, chakula chao kilipangwa na watafiti, na mazoezi yao yalikuwa makali na ya kusimamiwa karibu kila siku. Anayekula tango na yai moja kwa siku hawezi kuutumia ushahidi huo kujitetea.

Gharama ya pili ni nyongo. Mtu anapopungua kwa zaidi ya kilo 1.5 kwa wiki, hatari ya kupata mawe katika mfuko wa nyongo hupanda waziwazi, kwa kuwa ini humwaga kolesteroli nyingi zaidi katika nyongo huku mfuko wenyewe, kwa kukosa milo yenye mafuta, ukikaa muda mrefu bila kukamua. Maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu katikati ya mpango wa kupunguza uzito ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Gharama ya tatu huwaangukia wanawake zaidi, nayo ndiyo inayonisikitisha kuliko zote kwa sababu hufichwa. Mwaka 2003 Anne Loucks na Jean Thuma walionesha kwamba nishati inayobaki kwa ajili ya mwili baada ya kutoa ile iliyotumika katika mazoezi ikishuka chini ya takriban kalori 30 kwa kila kilo ya mwili isiyo mafuta, mapigo ya homoni inayoongoza upevushaji wa mayai huvurugika, na katika jaribio lao siku tano zilitosha. Mwanamke wetu wa kilo 58 ana takriban kilo 40 zisizo mafuta. Akila kalori 1,100 na kutumia 300 katika mazoezi, anabaki na 800, yaani 20 kwa kila kilo. Hedhi ikichelewa au ikikatika, wengi hudhani ni uchovu wa kazi, na wengine hufurahi kupumzika nayo, ilhali mwili unakuwa umesitisha kazi ya uzazi kwa kukosa nishati, na mifupa huanza kulipa gharama hiyo pole pole.

Kuna pia suala la virutubisho. Chini ya kalori 1,200 ni vigumu sana kupata chuma, kalsiamu na foliki ya kutosha kwa chakula cha kawaida. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2015–16 ulikuta upungufu wa damu kwa takriban asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Mwanamke anayeanza kujinyima akiwa tayari na damu pungufu hana nafasi ya kupoteza kidogo kilichopo.

Je, haraka ni mbaya siku zote?

Hapa ni lazima niwe mwadilifu kwa upande wa pili, kwa sababu dai la kawaida kwamba anayepungua haraka hurudisha uzito wote na anayepungua polepole haurudishi limepimwa, na halikusimama. Katika utafiti wa Melbourne nchini Australia uliochapishwa mwaka 2014, watu 200 wenye unene wa kupindukia waligawanywa: baadhi walikula kalori 450 hadi 800 kwa siku kwa wiki 12, wengine wakawa na nakisi ya 400 hadi 500 kwa wiki 36. Lengo la kupunguza angalau asilimia 12.5 ya uzito lilifikiwa na asilimia 81 ya wale wa haraka na asilimia 50 ya wale wa polepole. Baada ya karibu miaka mitatu, waliofikia lengo katika makundi yote mawili walikuwa wamerudisha takriban asilimia 71 ya uzito waliopoteza. Nchini Uingereza, jaribio la DiRECT la 2017 lilitumia mlo wa kalori 825 hadi 853 kwa miezi mitatu hadi mitano kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili, na mwaka mmoja baadaye asilimia 46 yao kisukari kilikuwa kimetulia bila dawa, ikilinganishwa na asilimia 4 ya waliopata huduma ya kawaida.

Matokeo hayo ni makubwa, na daktari anayemshauri mgonjwa wa kisukari mwenye kilo 115 afuate njia hiyo hakosei. Lakini tuangalie waliyopewa watu hao: chakula maalumu chenye vitamini na madini yote yaliyopimwa, wahudumu waliowaona mara kwa mara, dawa za kisukari na za presha zilizosimamishwa siku ya kwanza kwa uamuzi wa kitabibu, na mpango wa kurudi katika chakula cha kawaida hatua kwa hatua. Hata hivyo, katika kundi la haraka la Melbourne mshiriki mmoja alipata uvimbe mkali wa mfuko wa nyongo. Mtu anayeigiza kiwango hicho cha kalori nyumbani kwa maji ya limau na parachichi anachukua nakisi ya watafiti bila kinga yoyote waliyoiweka. Kwa hiyo naiweka nakisi kubwa sana kando kama tiba: ina mahali pake, na mahali hapo ni kliniki.

Kupima nakisi kwa kurudi nyuma

Wengi wetu hatuwezi kuhesabu kalori kwa uhakika, na sioni haja ya kumtaka mtu apime kila kijiko mbele ya wageni. Njia inayofaa zaidi jamii zinazokula pamoja ni kuuacha mwili utoe hesabu. Mtu ajipime asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kunywa chochote, angalau mara tatu kwa wiki, aandike, kisha atafute wastani wa kila wiki. Wiki ya kwanza na ya pili aziache kando kwa sababu ya maji. Kuanzia hapo alinganishe wastani wa wiki ya tatu na ule wa wiki ya saba. Mwanamke alinganishe wiki zinazolingana katika mzunguko wake wa hedhi, kwa kuwa maji ya siku kabla ya hedhi yanaweza kuficha kilo nzima.

Kila kilo moja inayopungua kwa wiki inalingana na nakisi ya takriban kalori 1,100 kwa siku. Mama wa kilo 80 akikuta anapungua gramu 400 kwa wiki, nakisi yake halisi ni kama 440, hata kama karatasi yake inasema 700. Akikuta anapungua kilo 1.2, nakisi yake ni kama 1,300, zaidi ya asilimia 60 ya matumizi yake, na haijalishi anajihisi shujaa kiasi gani. Kiwango ninachopendekeza kwa asiye chini ya daktari ni kati ya asilimia 0.5 na 1 ya uzito kwa wiki; mwenye mafuta mengi anaweza kukaa karibu na ncha ya juu ya kiwango hicho, na mwenye kilo chache za kupunguza akae chini, hata asilimia 0.3 si aibu. Futi ya fundi cherehani kiunoni husaidia pia: uzito ukishuka kwa wiki nyingi na kiuno kisisogee huku nguvu za mwili zikipungua, kinachotoka huenda ni misuli.

Pamoja na mizani, kuna dalili ambazo nazipa uzito zaidi kuliko namba. Njaa ya kawaida huja na kuondoka. Njaa ya nakisi iliyozidi humwamsha mtu saa tisa za usiku, na hata baada ya mlo akili yake hubaki kwenye mlo ujao. Kuhisi baridi wakati wengine wanatoa jasho, kizunguzungu wakati wa kusimama, kukosa choo kwa siku kadhaa, hasira za haraka kwa watoto, kushindwa kunyanyua ndoo ambayo mwezi uliopita ilinyanyuliwa bila shida, na nywele kunyonyoka kwa wingi miezi miwili au mitatu baadaye, zote zinaelekeza upande mmoja. Dalili moja peke yake inaweza kuwa na chanzo kingine, mathalani malaria au tezi ya shingo, na inafaa ichunguzwe. Tatu zikikutana wakati uzito unashuka kwa kasi, nakisi ni mshukiwa wa kwanza. Kula kwa kujinyima siku tano na kupoteza udhibiti kabisa mwisho wa juma ni dalili pia, na ni ya mwili kuliko ya tabia: wale vijana wa Minnesota, ambao hawakuwa na historia ya ulafi, walikula kupita kiasi kwa wiki nyingi baada ya kuruhusiwa chakula.

Wanaotumia sindano za semaglutide, dawa ya kisukari na ya kupunguza uzito, au dawa za jamii yake hawapaswi kutegemea njaa kama kipimo, kwa sababu dawa huinyamazisha. Mtu anaweza kukaa na kalori 700 kwa siku bila kuhisi lolote, na kwao wastani wa mizani, kiasi cha protini na nguvu za misuli ndivyo vipimo vinavyobaki.

Nani achague nini

Wapo wasiopaswa kujiwekea nakisi yoyote bila daktari: wajawazito, watoto na vijana ambao bado wanakua, wagonjwa wa kifua kikuu walio katika matibabu, na yeyote aliyewahi kusumbuliwa na ugonjwa wa kujinyima chakula au kujitapisha. Mama anayenyonyesha aisubirishe hadi unyonyeshaji uwe imara, na hata hapo achukue ndogo. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi asipunguze chakula kwa kiasi kikubwa kabla dozi haijarekebishwa, kwa maana sukari inaweza kushuka ghafla hadi kupoteza fahamu. Anayetumia vidonge vya presha, hasa vile vya kutoa maji, aseme mapema kwa mhudumu wake ili presha isije ikashuka kupita kiasi.

Kwa waliobaki, mwenye kilo nyingi za kupunguza, anayelala vizuri na ambaye maisha yake hayana msukosuko mkubwa, achague nakisi ya kati na akae nayo kwa miezi mitatu kabla ya kuhukumu. Mwenye kilo tano au sita tu, mfanyakazi wa zamu za usiku, mwanafunzi anayekaribia mitihani, na aliyewahi kupungua na kurudisha uzito mara nyingi, achague ndogo. Anayetaka kubwa kwa sababu ya ugonjwa unaoweza kunufaika nayo aende kliniki na aseme waziwazi kwamba anataka kusimamiwa. Anayeitaka kwa sababu ya sherehe iliyo wiki nne mbele, ushauri wangu ni amwambie fundi arekebishe nguo. Katika nakisi yoyote, gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito na mazoezi ya nguvu mara mbili au tatu kwa wiki hulinda misuli. Kuchuchumaa na kusimama, pushapu, na kupanda ngazi na mzigo hutosha kuanzia.

Atakayegundua kuwa nakisi yake imezidi asiache mpango wote. Aongeze kalori 200 hadi 250 kwa siku, kwa mfano kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa, au mayai mawili pamoja na nusu glasi ya maziwa, akae na kiwango hicho kwa wiki mbili, kisha aangalie usingizi, nguvu na wastani wa mizani. Uzito unaweza kupanda kidogo katika siku za mwanzo kwa sababu wanga na maji vinarudi katika misuli, na asitishike na hilo. Dalili zisipolegea, aongeze kiasi kama hicho tena. Mwanamke ambaye hedhi yake imekatika kwa miezi mitatu arudi katika ulaji wa kutosheleza mahitaji yake yote, na amwone daktari kabla ya kufikiria tena kupunguza chochote.